Boti Kuukuu Uliyoiokoa: Dalili, Chanzo, na Mahali pa Kuweka Spana Chini

Simu ninazopigiwa huanza kwa namna moja: "Fundi, kuna boti nimeipata." Imepatikana nyuma ya nyumba ya marehemu mjomba kule Karen, au ndani ya mafunjo ya Naivasha tangu ziwa lilipofurika mwaka 2020, au kwenye yadi ya Industrial Area ambako mtu aliiweka kwa wiki mbili akapotea miaka kumi na mitano. Swali la pili hufuata bila kupumua: "Injini yake itawaka?"

Ningefurahi mtu aniulize kwanza kuhusu mbao. Injini ikikataa kuwaka, unabaki ufukoni ukiwa mkavu. Mbao zilizooza ndani ya faibaglasi hukusubiri ufike katikati ya ziwa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na trela na mwili wa boti, na injini inangoja zamu yake.

Ninazozungumzia ni boti za kasi za faibaglasi za miaka ya 1960 hadi 1980, za futi 13 hadi 18, zenye injini ya kuning'inia nyuma, ile ya mipigo miwili inayochanganyiwa oili kwenye petroli. Nairobi haina bahari, na Bwawa la Nairobi ambako zamani watu walitweka matanga limefunikwa na gugumaji. Hata hivyo boti hizi zipo mjini humu, kwa sababu wenye nazo waliishi hapa na kuzivuta hadi Naivasha siku za mapumziko.

Jambo moja kabla ya yote: boti iliyotelekezwa bado ina mwenyewe. Mtafute yeye au warithi wake, muandikiane makubaliano, na upige picha namba ya boti na namba ya injini. Kenya Maritime Authority ndiyo inayokagua na kusajili vyombo hivi, na ni vizuri ufike kwao ukiwa na karatasi mkononi.

Vifaa vya uchunguzi si vingi: nyundo ya plastiki, drili yenye biti ya milimita 5, tochi, mita ya umeme, geji ya kompreshoni, ndoo, na sabuni ya kuoshea vyombo. Ongeza miwani, glavu na barakoa nzuri.

Trela haisogei, au gurudumu linalia

Matairi ndiyo huanza kufa. Tairi linaweza kuonekana zima kwa macho, basi soma tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT: 2309 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. La umri huo halifai hata kama makucha yake ni mapya. Baada ya matairi ni beringi. Inua gurudumu kwa jeki, lizungushe kwa mkono, likikwaruza, fungua. Mara nyingi utakuta grisi imekauka kama nta na maji yameacha kutu. Namba ya beringi imechongwa ubavuni mwake, na ukiipeleka Kirinyaga Road, mtaa wa vipuri jijini, watakupa yenye namba hiyo hiyo.

Usipandishe trela usilolijua kwenye mteremko wa Mai Mahiu, kati ya malori, eti kwa sababu umeshatia upepo. Kodi lori la kubebea magari mabovu. Ni gharama, lakini gurudumu likichomoka pale, boti itakuwa jambo dogo kuliko yote utakayojutia.

Boti ni nzito kuliko inavyopaswa

Watu husema: "Tulikuwa wanaume sita na haikunyanyuka." Sababu ya kawaida kabisa ni maji ya mvua ndani ya ngama, chini ya sakafu, kwa kuwa tundu la kutolea maji limezibwa na majani. Inua omo, yaani mbele ya boti, chomoa kizibo, zibua kwa waya, uache ikitiririka hata siku mbili.

Kama bado ni nzito, kinachofuata ni povu gumu lililojazwa chini ya sakafu ili boti isizame. Likiwa jipya ni jepesi kama keki. Likikaa ndani ya maji kwa miaka, hunywa na halitoi tena. Fikiria mtungi wa lita 20: una kilo 20 za maji. Mitungi kumi ni kilo 200, sawa na watu wazima watatu waliojificha chini ya sakafu yako. Kata tundu la sentimita 5 sakafuni karibu na tezi, yaani nyuma ya boti, pale chini kabisa, uchomoe kipande cha povu, ukikamue. Kikitoa maji, usipoteze muda kukianika. Sakafu itafunguliwa na povu lote litatolewa.

Njia nyingine ni kuipima boti kwenye mizani ya magari, kisha uondoe uzito wa trela na ulinganishe na uzito unaotajwa kwenye kitabu cha boti ya aina hiyo. Mizani haibembelezi mtu.

Tezi inacheza, injini imeinama nyuma

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo boti nyingi hufia, na ndipo nimeona watu wakidanganywa zaidi.

Ubao wa tezi ndio unaobeba injini na kupokea msukumo wake wote. Kwa nje unaona faibaglasi, lakini ndani yake kuna plaiwudi, kwa kawaida unene wa milimita 38 hadi 50. Plaiwudi hiyo haiozi kwa uzee. Huoza kwa sababu kila skrubu iliyopigwa pale, ya ngazi, ya bomba, ya kifaa cha kupima kina, ilifungua mlango wa maji, na hakuna aliyeuziba sawasawa.

Anza na vipimo visivyoharibu kitu. Shika mguu wa injini, uinue na kuushusha kwa nguvu, huku mwenzako akitazama mahali injini ilipofungwa. Ubao ukijongea hata kidogo, au nyufa zikifunguka na kufunga kwenye pembe, una jibu. Kisha gonga tezi yote kwa nyundo ya plastiki, sentimita tano kwa tano. Ubao mzima hulia mkali na nyundo huruka. Uliooza hulia bubu kama kugonga gunia. Weka alama kwa chaki ili uone ugonjwa umefika wapi. Tazama pia matundu ya boliti: maji ya rangi ya chai ya rangi yakichuruzika humo, usiendelee kubishana na nafsi yako.

Kipimo cha mwisho ni drili. Toboa kutoka ndani, chini karibu na tundu la kutolea maji, usipitilize hadi nje. Vumbi jeupe kavu ni habari njema. Vumbi jeusi lililoloa, lenye harufu ya jani bovu, maana yake ni kazi. Ziba matundu ya majaribio kwa epoksi, ile gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili, siku hiyo hiyo.

Nimeletewa boti ambayo tezi yake ilikuwa imetobolewa matundu thelathini, ikamiminiwa resini, ile plastiki ya maji inayoganda, ikapakwa rangi, na mwenyewe akaambiwa imepona. Resini haiingii kwenye ubao uliojaa maji. Inakwenda palipo wazi na kuviacha vilivyooza vikiwa vimeoza. Alilipa mara mbili kwa kazi moja, na hilo liliniuma kwa niaba yake.

Tiba ya kweli ni hii. Laza boti sawasawa, ikiegemea mkuku, ule uti wa chini wa boti, na ubavu wote kwenye vitalu vilivyopimwa kwa pima maji. Fanya hivyo kabla ya kukata chochote, kwa maana boti iliyokatwa ikiwa imepinda itakaukia hapo, na sehemu ya chini iliyopinda haitakwenda sawa maishani. Ondoa injini. Kata ngozi ya ndani, uiache ya nje iwe kama kalibu. Ng'oa ubao wote uliooza mpaka ufikie faibaglasi safi, usage kwa grenda hadi ing'ae. Tengeneza ubao mpya kwa plaiwudi mbili za milimita 18 zilizogandishwa kwa epoksi, au tatu kama wa zamani ulikuwa mnene zaidi. Zigandamize kwa klampu hadi ziive. Jaza pembe kwa epoksi nzito ili faibaglasi isivunjike kwenye kona, kisha laza tabaka zinazopanda angalau sentimita 15 juu ya ubavu na sakafu, kila moja ndefu kuliko ya chini yake.

Plaiwudi iwe ya gundi isiyoachia maji. Muuzaji atakuambia kila kitu ni marini, yaani plaiwudi ya boti. Chukua kipande, ukichemshe kwenye sufuria saa kadhaa, ukianike, urudie. Tabaka zikiachana, ni ya kutengenezea kabati.

Matundu ya boliti yatoboe makubwa kuliko yanavyohitajika, yajaze epoksi, ikiiva toboa tena saizi yake. Hapo boliti inapita ndani ya epoksi na haigusi mbao. Ukiruka hatua hii, baada ya miaka mitano utanipigia tena.

Neno kuhusu bodifila. Mafundi wa bodi za matatu wa jiji hili wana mkono wa ajabu kwenye faibaglasi, na nimejifunza kwao mengi. Lakini bodifila ya magari hunywa maji. Juu ya mstari wa maji, kwa urembo, sawa. Chini yake, hapana, na kwenye tezi, hapana kabisa.

Simama na umwite fundi wa boti ikiwa: injini inazidi nguvu za farasi 40, uozo umetoka kwenye tezi ukaingia kwenye mbao za urefu zilizo chini ya sakafu, au ukiweka uzi kutoka pembe hadi pembe unaona boti imejipinda.

Sakafu inabonyea unapokanyaga

Ikibonyea mahali pamoja, plaiwudi ya sakafu imeoza hapo, kata, badilisha. Ikibonyea kote, zile mbao za urefu zinazoishikilia zimekwisha, na hizo ndizo mifupa ya boti. Zibadilishe moja baada ya nyingine, kamwe usizing'oe zote kwa mpigo, la sivyo mwili utalegea kama godoro. Kanuni za tezi ndizo za hapa pia.

Resini imebaki nata, haikauki

Dalili hii huja sana kati ya Juni na Agosti, na sababu yake ya kwanza ni baridi yetu. Resini ya poliesta huiva kwa shida chini ya nyuzi 15, na asubuhi za Julai Nairobi hazifiki hapo. Fanya kazi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, pasha joto eneo kwa taa, na usilaze faibaglasi mvua inaponyesha au umande haujakauka.

Sababu ya pili ni kipimo. Hadena, ile dawa ya kuivisha resini, huwa kati ya asilimia 1 na 2. Kwa kilo moja ya resini ni gramu 10 hadi 20. Pima kwa sindano ya hospitali, usikadirie kwa kifuniko cha chupa. Usiongeze hadena ili kushinda baridi. Utapata resini iliyopasuka. Ya tatu si kosa hata kidogo: resini ya kulazia hubaki nata juu inapogusana na hewa, ili tabaka linalofuata lishike. Ya mwisho, ile ya kumalizia, ndiyo inayotiwa nta au kufunikwa kwa plastiki.

Onyo ninalolisema kwa sauti. Hadena ya poliesta ikiingia jichoni inaweza kukupofusha. Vaa miwani, weka maji safi karibu. Ikiingia, osha mfululizo dakika 15 na uende hospitali hata kama maumivu yamepoa. Usiichanganye moja kwa moja na kobalti, ile dawa ya kuharakisha resini, kwa sababu mchanganyiko huo hulipuka. Na usikoroge ndoo nzima ya resini: hupata moto yenyewe hadi kutoa moshi. Nusu lita kwa mara moja inatosha.

Inavuja, lakini tundu halionekani

Mabaharia wa pwani husema tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maji yakiingia popote, yatakusanyika ngamani, kwa hiyo mahali unapoyaona si mahali yalipoingilia. Geuza kazi: boti ikiwa juu ya trela, mimina maji ndani hadi kifundo cha mguu, usizidishe kwa kuwa trela na mwili havikuumbiwa uzito huo, kisha lala chini na tochi utazame yanakotokea.

Kwa mpangilio wa mara nyingi: kizibo cha tezi na skrubu zake, skrubu za vifaa vilivyofungwa chini ya mstari wa maji, mpira uliokauka kwenye mabomba yanayopita mwilini, ufa mkukuni pale boti ilipozoea kuburutwa juu ya mawe. Vifaa vyote fungua, safisha, rudisha na gundi ya poliyurethani ya boti. Silikoni ya bafuni haikai. Ufa wa mkuku unaopitiliza hadi ndani usitiwe kiraka cha juu juu. Usagwe pande zote mbili kwa mteremko mrefu, mara kumi na mbili ya unene wa faibaglasi, ndipo ujazwe.

Rangi imepauka, kuna nyufa kama utando wa buibui

Kupauka ni jua tu. Msasa wa maji 800, 1000, 1500, kisha polishi na nta. Utando wa buibui hauna hatari isipokuwa ukigonga pale unasikia sauti bubu.

Flaiwili haizunguki kwa mkono

Flaiwili ni lile gurudumu zito la juu ya injini. Ikikwama, usiivute kwa kamba, usiweke bomba refu kwenye spana. Pistoni ni za aluminiamu na hupasuka kabla ya kuachia. Kwanza hakikisha gia iko katikati, na kwamba kilichokwama ni injini yenyewe, maana wakati mwingine ni mguu wa chini uliojaa kutu. Chomoa plagi, mimina ndani ya kila silinda mchanganyiko nusu kwa nusu wa asetoni na oili ya giaboksi ya otomatiki, uache siku kadhaa ukiongeza. Kisha ujaribu kuzungusha taratibu, kidogo mbele kidogo nyuma. Nimewahi kungoja wiki tatu, na siku moja ikaachia kwa mkono mmoja.

Injini iliyozama ina sheria yake: kutu huanza kasi inapotoka majini na kukutana na hewa. Kama huna nafasi ya kuifungua siku hiyo, heri uiache majini siku mbili zaidi. Ikitoka, ioshe kwa maji safi, itie oili kila mahali, ifunguliwe. Hapo mwite fundi wa injini kama hujawahi kufungua kranki.

Inazunguka, lakini haiwaki

Kwanza kompreshoni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, maana bila hiyo mengine ni kupoteza hela. Tundika geji, fungua kabureta kikamilifu, zungusha. Tofauti kati ya silinda isizidi asilimia 10 hadi 15. Na hapa ndipo wengi hutupa injini nzima: vitabu vimeandikwa kwa vipimo vya usawa wa bahari. Nairobi tuko takriban mita 1,800 juu, na hewa ina karibu asilimia 80 tu ya msukumo wa Mombasa. Injini ambayo kitabu kinasema psi 120, hapa itasoma karibu 96, na iko sawa.

Baada ya hapo fuata mpangilio huu.

Petroli. Ya zamani hunuka vanishi na huacha utando wa kahawia. Mwaga yote, safisha tangi, badilisha mipira yote na ile tunguu ya kubinya ya kusukumia petroli. Fungua kabureta, ioshe, upulize kila njia ndogo. Baadhi ya injini za miaka ya 1950 na 1960 zina boya la koki ndani ya kabureta. Likinywa petroli huzama na injini hufurika. Oili ichanganywe sawa: injini nyingi ni 50 kwa 1, yaani mililita 400 kwa mtungi wa lita 20, lakini za kale zaidi hutaka 24 kwa 1. Soma bamba au kitabu cha injini. Kukisia huku kumeua injini nyingi.

Cheche. Hakikisha kamba ya kuzimia iko mahali pake. Cheche iwe ya buluu na iruke pengo la milimita 10 hivi hewani. Ya manjano dhaifu haitoshi. Kwenye injini zenye pointi, zile swichi ndogo zinazokatiza umeme wa cheche, mara nyingi pointi zimeota ukungu wa kijivu tu. Zisugue kwa msasa laini kabisa, zifute kwa kadi safi, weka pengo karibu milimita 0.5 au kadiri kitabu kinavyosema. Zikikataa, tazama koili chini ya flaiwili: za enzi hizo hupasuka ganda. Flaiwili ing'olewe kwa kifaa chake cha kuing'olea, si kwa nyundo.

Pampu ya petroli: utando wake umekauka. Ni wa bei nafuu, badilisha bila kuwaza.

Simama hapa: kama tangi lako lina mipira miwili inayokwenda kwenye injini, ni mfumo wa miaka ya 1950 unaojaza tangi upepo. Tangi kuukuu lenye petroli na msukumo ni hatari ya moto. Fundi akuwekee pampu ya kawaida.

Usikate tamaa kwa sababu ya jina la injini. Kampuni ya OMC, iliyotengeneza Johnson na Evinrude, ilifilisika Desemba 2000, na Evinrude ikaacha kutengenezwa mwaka 2020, lakini vipuri vya watengenezaji wengine bado vinaagizwa. Agiza kwa namba ya modeli iliyoko kwenye bamba la injini. Sili na beringi nyingi zina vipimo vya kawaida na utazipata hapa hapa mjini.

Inawaka, lakini haikojoi maji

Zima mara moja. Impela, gurudumu dogo la mpira linalosukuma maji ya kupoozea injini, ikizunguka kavu huungua kwa sekunde chache. Kamwe usiiwashe nje ya pipa la lita 200, maji yakifunika mguu hadi juu ya pampu na propela ikiwa imetolewa.

Chanzo cha kwanza katika yadi zetu ni nyigu: hupenda kujenga udongo ndani ya kile kitundu cha kukojolea. Kizibue kwa waya mwembamba. Cha pili ni impela iliyokakamaa. Kwenye boti iliyolala, ibadilishe hata kama inaonekana nzuri. Cha tatu, chujio la kuingizia maji limejaa tope au gugumaji. Cha nne, thamostati iliyokwama: itie kwenye sufuria ya maji yanayopata moto, ifunguke kabla ya maji kuchemka, nyingi zikiwa karibu nyuzi 60. Kama vyote ni vizima na kichwa cha injini bado kinachoma mkono, gasketi imekwisha au njia za maji zimeziba ndani. Hapo ni kazi ya fundi, kwa sababu boliti za kichwa zilizoliwa na kutu hukatikia humo humo.

Inanguruma vizuri, lakini boti hainyanyuki juu ya maji

Kama umeshaondoa maji na povu bovu, huenda huna kosa lolote. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,890. Injini ya farasi 50 pale ina farasi kama 40, na hakuna plagi itakayokurudishia hao kumi.

Unachoweza kubadilisha ni propela. Yenye pichi ndogo, yaani inayosogea umbali mfupi kwa mzunguko mmoja, huiruhusu injini ifikie mizunguko yake; kila inchi moja ya pichi hubadilisha karibu mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika. Kisha tazama plagi: zikiwa nyeusi na zimelowa, hewa ni chache kwa petroli inayoingia, na jeti ndogo zaidi za kabureta, vile vitundu vya kupitishia petroli, zitasaidia.

Lakini ziandike jeti hizo kwa rangi kwenye kifuniko cha injini. Ukiitengeneza boti kwa Naivasha, halafu Desemba ukaivuta hadi Mombasa bila kurudisha jeti kubwa, petroli itakuwa chache kwa hewa ya pwani, na pistoni zitayeyuka siku ya kwanza. Hata Kisumu, mita 1,134, inahitaji uangalie upya.

Injini inapiga kelele, boti inabaki palepale

Pini ya propela imekatika, jambo la dakika kumi, au mpira wa ndani ya propela umeachia. Piga mstari wa rangi kutoka kitovu hadi bawa. Ukirudi mistari haikutani, ni mpira.

Oili ya gia imekuwa kama chai ya maziwa

Maji yameingia. Fungua skrubu ya chini na ya juu, mwaga. Sababu ya kwanza ni gasketi ndogo za skrubu hizo, ambazo watu hurudisha za zamani. Ya pili ni uzi wa nyavu uliojisokota nyuma ya propela na kukata sili. Naivasha hilo hutokea sana. Jaza oili mpya kutoka chini kwenda juu hadi itoke tundu la juu. Ukikuta vipande vya chuma kwenye oili, acha. Kisanduku cha gia hupangwa kwa vipimo vya sehemu za milimita.

Usukani umekaza

Mara nyingi ni grisi ya kale iliyoganda ndani ya bomba la kuinamishia injini. Toa kebo, sugua bomba, tia grisi ya boti. Kebo yenyewe ikiwa imekakamaa haitibiwi, hununuliwa. Boti za kale hutumia kamba ya waya na kapi. Ikiwa waya umevishwa plastiki, ukate utazame, kwa maana kutu hujificha ndani. Usukani ni kama breki za gari. Usijaribu majini chombo ambacho usukani wake una shaka yoyote.

Kuhusu nyaya za umeme, ng'oa zote uweke mpya, kila mstari na fyuzi yake. Kutafuta kosa moja kwenye nyaya za miaka arobaini ni kazi isiyolipa.

Siku ya kwanza majini

Nenda asubuhi, upepo wa Naivasha haujaamka, na uulize wenyeji viboko wamelala upande gani. Makoti ya kuokolea yavaliwe, yasikaliwe. Shusha boti ikiwa bado imefungwa kamba kwenye trela, ikae dakika kumi, ufungue kifuniko cha ngama utazame kwa tochi. Kukiwa kukavu, washa, hakikisha inakojoa, nenda umbali ambao ungeweza kurudi kwa kasia. Rudi. Tazama ngama tena, gusa tezi, kaza boliti za injini, ambazo hulegea safari ya kwanza ubao mpya unapokaa. Ndipo uwaite watoto wapande.